Vitu vya Akidi Ndani ya Nyumba Yangu

Jumapili, 9 Machi

Maji yaliingia tena alfajiri. Tuliamka viatu vya Aloyo vinaelea chini ya kitanda, na kuku wa jirani amepanda juu ya meza yangu, ametulia kama mwenye nyumba. Hii ni mara ya tatu tangu mwaka uanze, na mvua zenyewe bado hazijachanganya. Bwaise pazuri kwa biashara ndogondogo, lakini kama una godoro unalolipenda, usikae Bwaise.

Mume wangu, Ogwal, alikunja suruali, akasimama ndani ya maji, akasema, "Nimepata nyumba. Kanyanya, juu kwa mlima. Iko na vyumba vitatu." Nilifurahi kwa muda wa kama nusu saa. Kisha nikauliza vyumba vitatu vya nini, maana sisi ni mimi, yeye na Aloyo, binti yetu wa miaka tisa. Akasema kimoja ni cha shemeji yake.

Shemeji yake ni Akidi, mjane wa mdogo wake, Obita. Obita alikuwa polisi. Alikufa mwezi wa kwanza, na chumba chao cha kambini kinatakiwa kurudishwa kabla ya mwezi huu kuisha. Najua Akidi hana pa kwenda. Najua ningekuwa mimi ningelia. Najua pia kwamba ana miaka thelathini na moja, hajazaa, na akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, na wanaume huacha walichokuwa wakisema ili wamchekeshe tena.

Halafu kuna jambo la wazee. Katika ukoo wa mume wangu, msiba ukishatimiza miezi yake, wazee huja kutoka Lira, humkalisha mjane mbele ya watu, humwuliza: kati ya ndugu za marehemu, nani atasimama na wewe? Anaweza kumtaja mmoja, anaweza kuwakataa wote. Atakayetajwa ndiye mume. Ndugu wa tumbo moja aliyebaki ni mmoja tu, yule aliyekuwa amekunja suruali ndani ya maji. Wazee wanakuja mwisho wa Mei.

Nimenunua daftari. Kurasa za mbele ni za orodha ya vitu vya kuhama. Za nyuma, hizi, ni zangu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nimehesabu vikombe. Kumi na kimoja, kimoja hakina mkono.

Jumapili, 16 Machi

Miaka kumi na minne nilikaa katika stoo ya sare za polisi, na haikupotea hata bizimu ya mkanda. Sasa natunza mali ya duka la jumla Kikuubo, katoni zinaingia, katoni zinatoka, na tajiri wangu hulala usingizi kwa sababu yangu. Kwa hiyo sihami kama watu wengine, wanaotupa masufuria ndani ya shuka na kumwachia Mungu. Kila kitu kina namba. Kila kitu kimeandikwa hali yake. Anayetoa anasaini, anayepokea anasaini, na anayehesabu hasaini kupokea hata siku moja, maana hapo mwizi na mlinzi watakuwa mtu mmoja. Anayehesabu ni shahidi tu.

Nimenunua nyuzi za sufu kufungia vitu: za buluu kwa vyetu, nyekundu kwa vyake.

"Kwa nini hii yote?" Ogwal aliniuliza. "Si ni familia moja?"

Nikamwambia ndiyo sababu.

Nimekulia kambini, baba yangu alikuwa askari, na nimeona jinsi waume za watu wanavyoondoka. Hawaanzii kitandani. Inaanza sufuria ya mwanamke mmoja kukaa juu ya jiko la mwanamke mwingine, siku ya kwanza kwa kuazima, siku ya kumi hakuna anayeuliza. Siku ambayo hakuna anayejua sufuria ni ya nani, ndiyo siku ambayo hakuna anayejua mume ni wa nani. Kwangu hiyo siku haitafika. Kila sufuria itakuwa na uzi wake.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nilikwenda kambini kuandika vitu vya Akidi. Nilikwenda peke yangu, nikamwambia Ogwal hahitajiki.

Chumba kimoja, pazia katikati. Buti za Obita bado zilikuwa mlangoni, zimepakwa rangi, kamba zimefungwa. Akidi alinipa kiti, yeye akakaa juu ya sanduku. Tukaanza. Kitanda, kizima. Godoro, limebonyea upande wa kulia. Niliandika upande wa kulia, kisha nikajiuliza kwa nini nimeandika hivyo.

"Hata ufagio unaandika?" aliuliza.

"Kila kitu."

"Na hii kipande ya sabuni?"

"Sabuni itaisha. Naandika vitu visivyoisha."

Akafunika mdomo akacheka. Mimi sikucheka. Namba kumi na saba, ufagio, umechakaa.

Birika lake ni kubwa kuliko langu. Ana seti ya sahani nyeupe zenye mstari wa kijani, sita, hakuna iliyopasuka, na mtu aliyeishi kambini miaka minane bila kuvunja sahani ana siri. Ana cherehani. Ana mto wenye foronya ya hariri, na hapo nilibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Chini kabisa ya sanduku la Obita kulikuwa na sweta la Ogwal. Lile la kijani, nililonunua mwenyewe mwaka tuliofunga ndoa kanisani. Nikalishika. Akidi akasema, "Hiyo ni ya shemeji. Obita aliomba wakati wa baridi, hakurudisha." Alisema taratibu, bila kugeuza macho. Inawezekana. Ndugu hao waliazimana hata soksi. Lakini nilipofika barabarani nilitoa lile sweta kwenye mfuko nikalinusa, mwanamke mzima, kando ya wauza mahindi. Lilinukia dawa ya nondo ya sandukuni. Sikuridhika.

Vitu vyake ni arobaini na kimoja. Nina wivu. Basi, nimeandika, na kalamu haikuvunjika.

Jumanne, 25 Machi

Mvua kutwa. Aloyo aliniuliza kama Akidi ataleta cherehani. Anafurahi.

Jumamosi, 29 Machi

Tumehama. Mgongo unauma na nitaandika hata hivyo.

Lori ni la Rajab wa Kisenyi, ambaye Ogwal alimfahamu tangu siku za kuendesha magari ya polisi kwenda kutengenezwa kwenye gereji za huko. Rajab alitazama vitu vyetu akakuna kichwa. "Nyabo, mama yangu, hii lole ni ndogo. Tutabeba mala mbili." Kwa hiyo safari ya kwanza ilikuwa ya kambini, ya pili ya Bwaise. Mimi nilibaki Bwaise kufunga vyetu. Ogwal akaenda kambini, maana mtu mmoja lazima abebe kitanda.

Walirudi kunichukua baada ya saa tatu nzima. Saa tatu, vitu arobaini na kimoja, chumba kimoja. Niliuliza kwa nini. Ogwal akasema Akidi alikuwa anaaga majirani. Nikamwuliza wewe uliagaje majirani wasiokuwa wako. Rajab akawasha redio.

Huko Kanyanya mvua ilitukuta tunashusha. Nilisimama barazani na daftari chini ya mfuko wa nailoni, nikaita namba moja moja, wao wakibeba. Vya uzi mwekundu, nilivyoagiza viningoje uani tangu safari ya kwanza, nikavielekeza barazani, chini ya turubai. Nilisema chumba cha Akidi kina unyevu, kikauke kwanza. Kitanda na godoro tu ndivyo vilivyoingia. Chumba hakina unyevu wowote. Lakini kama sanduku la Obita likipita mlango wangu siku ya kwanza, litatokaje?

Mwisho nikafungua ukurasa wa mwisho wa orodha yake, nikaonyesha pa kusaini. Akidi akasaini: *Imetolewa na.* Ogwal alikuwa amelowa mpaka mfupa, akasema tutafanya kesho. Nikasema hakuna kesho, kitu kilichoingia kina mpokeaji wake, ndiyo kanuni. Akafuta mkono kwenye shati, akasaini: *Imepokelewa na.* Mimi nikasaini mahali pa shahidi. Akidi alikuwa amesimama hapohapo, ameshika taa, maji yakimtiririka kwenye nywele. Akasema, "Ahsante, Mama Aloyo. Umefanya kazi ya watu kumi."

Sijui kwa nini shukrani za mtu zinaweza kuuma namna ile.

Alhamisi, 3 Aprili

Ogwal amempigilia misumari ya pazia. Mimi pazia langu nilifunga mwenyewe kwa kamba ya viatu.

Jumapili, 6 Aprili

Jiko letu la mkaa limepasuka mguu, Akidi akaleta lake. Akapika mboga za majani na karanga ndani ya sufuria yake, namba ishirini na mbili. Ogwal akala, akasogeza sahani, akaongezewa. Nilimwangalia kijiko hadi kijiko. Mimi mboga hiyo nimeipika miaka kumi na hajawahi kusogeza sahani.

Leo Akidi amemwita "shemeji" mara tisa. Naona ni nyingi. Lakini siku atakayoacha kumwita hivyo ndiyo nitakayoogopa, kwa hiyo nahesabu.

Jumanne, 8 Aprili

Mara saba.

Jumatatu, 14 Aprili

Sitaki kuandika hii.

Mvua ya jana ilikuja na upepo wa kutoka upande wa Mpererwe. Tulikuwa kanisani wote. Tuliporudi turubai lilikuwa limenaswa kwenye mti wa jirani na masanduku yote ya barazani yalikuwa yamefunguka midomo, yanakunywa maji. Akidi hakupiga kelele. Aliweka Biblia yake chini, akakimbia moja kwa moja kwenye sanduku dogo, namba thelathini na tatu. Mimi nilikuwa nimeliandika hivi: sanduku dogo la bati, karatasi. Sikulifungua siku ile kambini. Lilikuwa na picha.

Obita akiwa mtoto Lira, anashika mbuzi. Obita siku ya kumaliza mafunzo. Harusi yao. Obita amelala kwenye mkeka mdomo wazi, picha ambayo mtu humpiga mtu anayempenda ili amcheke baadaye. Zilikuwa zimeshikana. Akazibandua moja moja kwa ukucha, akatandaza kamba ya nguo chumbani kwake, akazining'iniza kwa vibanio. Za zamani zilipona nusu. Za harusi zilitoka rangi zote, wamebaki watu wawili weupe bila sura.

Ogwal alifika mlangoni. "Hivi vitu vilikuwa nje kwa nini? Wiki mbili?"

Nilifungua mdomo. Akidi akanitangulia. "Mimi nilisema vikae, shemeji. Nilitaka kwanza panga chumba."

Uongo. Alikuwa ameniomba mara tatu viingie, na mara tatu nikamwambia unyevu. Ogwal akamwamini, akainama kumsaidia kubandua picha, vichwa vyao vikikaribiana chini ya ile kamba, na mimi niliyeharibu nikasimama mlangoni nimeshika kibanio kimoja mkononi.

Nilipaswa kuona aibu, na niliona. Lakini nitasema kweli kwa sababu hakuna anayesoma huku nyuma: nilichoona zaidi ni wivu. Hata kosa langu limewaleta karibu. Hata wema wake umeniibia kitu. Ningependa angenitukana.

Leo nimeingiza masanduku yote ndani mwenyewe, kabla sijaenda kazini. Nimefunga upya nyuzi zilizolegea.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kuku. Alipika Akidi, mimi nilikata vitunguu. "Shemeji" mara nne tu.

Jumamosi, 3 Mei

Akidi ameanza kutoka asubuhi na beseni la chakula. Anawapikia mafundi wa gereji Kisenyi chakula cha mchana, Rajab alimwombea nafasi. Ni jambo jema. Mtu mzima atafute riziki. Lakini gari la kazi la Ogwal nalo hupelekwa Kisenyi kila breki zikilia, na mwezi huu breki zinalia sana.

Jumatano, 7 Mei

Nilitoka Kikuubo saa ya chakula, nikasema nakwenda kununua dawa. Nilikwenda Kisenyi. Nilimwona Akidi kati ya magari yaliyofunguliwa vifua, anapakua wali, mafundi wamepanga mstari. Ogwal hakuwepo. Nilisubiri dakika arobaini nyuma ya rundo la matairi. Hakuja. Akidi aliponiona alishangaa, akanioshea kijiko, akanipa sahani. Nilikula nimesimama. Wali wake mzuri.

Nilirudi kazini nimechelewa, kwa mara ya kwanza tangu waniajiri.

Jumapili, 11 Mei

Nimerudi kutoka sokoni nimemkuta Aloyo amekaa katikati ya magoti ya Akidi, anasukwa. Mistari mizuri, imenyooka. Na ndani ya kila msuko, uzi wa sufu. Mwekundu.

"Mama, tumekosa uzi mweusi," Aloyo akasema. "Tumetumia ule wa masanduku, uko mwingi."

Nikamwambia afumue. Akaniangalia kama nimeongea Kichina. Nikarudia. Akidi akaanza kufumua, mtoto akilia, saa nzima ya kazi ikarudi kuwa nywele. Ogwal alikuwa anatengeneza pasi pembeni. Aliniangalia tu, na katika miaka kumi na moja hajawahi kuniangalia vile, kama mtu anayesoma jina kwenye mlango na kukuta si nyumba aliyokuwa anaitafuta.

Nimemwomba Aloyo msamaha. Amesema sawa. Hajalala upande wangu.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zinapungua. Leo Akidi amemwita "Baba Aloyo". Mara moja, akimpa chumvi. Labda ni kwa sababu mtoto alikuwepo. Labda. Wazee wanakuja Jumamosi ijayo.

Jumatatu, 19 Mei

Sikuweza kula.

Jumamosi, 24 Mei

Walifika saa tano. Mzee Okwera, baba mdogo wa Ogwal, mrefu, miwani imefungwa kwa waya. Wazee wengine wawili. Na shangazi mmoja ambaye hakuwahi kunipenda kwa sababu nimekulia kambini na lugha ya nyumbani naivunja. Niliwatandikia mikeka. Akidi alikaa chini karibu na mlango, kitambaa kichwani. Ogwal kwenye kiti. Mimi nilikuwa tayari. Daftari lilikuwa mapajani mwangu tangu asubuhi.

Maana nilikuwa nimepanga. Nilijua wataulizia vitu vya marehemu, na mimi nitaonyesha kwamba katika nyumba hii hakuna kilichochanganyika, hata kijiko: huyu ni mgeni, vitu vyake vimefungwa, tayari kuondoka.

Mzee Okwera akauliza. "Vitu ya Obita iko wapi?"

Nikampa daftari kwa mikono miwili. Nilihakikisha limefunguka mbele, nikaomba kimoyomoyo asiguse kurasa za nyuma. Hakuzigusa. Alisoma kwa sauti, kidole chini ya mstari, kutoka kitanda mpaka ufagio mpaka sanduku la picha. Wengine wakaitikia kila namba kama kanisani. Kisha akafika chini.

"Imetolewa na Akidi. Imepokelewa na Ogwal. Shahidi, Goretti." Akavua miwani. Akatabasamu. "Basi sisi tumechelewa. Hii kazi imekwisha."

Sikuelewa. Nikamwuliza, "Imekwishaje, Baba?"

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgeni, na mgeni ni mimi. Katika ukoo wao kumwuliza mjane ni kwa pale ambapo hakuna aliyejitokeza. Lakini kama ndugu wa marehemu amepokea nyumba ya marehemu, vitu vyote, kutoka mkono wa mjane mwenyewe, mkewe akiona na akikubali, huyo amekwisha kusimama. Hakuna swali tena. "Zamani ilikuwa mkuki na kiti tu," alisema. "Nyinyi mumeandika mpaka ufagio." Wazee wakacheka, cheko la kuridhika. Shangazi akaja akanishika mabega. "Sijapata ona mke mukubwa iko na roho kama hii."

Mke mkubwa. Mimi ndiye niliyenunua daftari. Mimi ndiye niliyesema hakuna kesho. Ogwal alikuwa amelowa, alitaka kulala, na mimi nikamshikisha kalamu.

Nikasema, "Hiyo saini si yake."

Mzee akautazama tena ukurasa.

"Niliiweka mimi. Yeye alikuwa ndani ya lori. Nilitaka ukurasa ujae."

Mzee Okwera akarudisha miwani. "Wewe. Mutu ya stoo. Uliandika jina ya bwana yako?"

"Niliandika."

"Uliiga mukono yake."

"Niliiga."

Miaka kumi na minne bila bizimu kupotea, na nilikuwa nakaa pale nikijiita mwongo wa karatasi mbele ya watu watakaolisimulia jambo hili Lira nzima. Akamgeukia Ogwal. Ogwal alikuwa anaangalia sakafu. Hakusema ndiyo wala hapana. Nikangoja aseme, na sikujua ninataka aseme nini, na hakusema. Ndipo mzee akamgeukia Akidi.

"Wewe ulikuwa pale. Nani alisaini?"

Yeye ndiye aliyeshika taa. Aliona mkono wa Ogwal ukifutwa kwenye shati. Neno moja tu, na angekuwa na nyumba, na mume anayemjua, na mtoto anayempenda tayari. Aliinua kichwa akaniangalia. Sikuweza kumwomba hata kwa macho. Nimemfanyia nini mimi, cha kumwomba?

"Mama Aloyo ndiye alisaini," akasema. "Mimi niliona."

Shangazi akatoa mikono yake mabegani mwangu. Mzee akafunga daftari, akaliweka chini badala ya kunirudishia. Halafu ikabidi wamwulize swali lao la kawaida, na akalijibu bila kukawia: hamtaji mtu. Amepata chumba Kisenyi karibu na kazi yake. Anawashukuru. Atakaa peke yake.

Jumapili, 25 Mei

Rajab alikuja baada ya ibada. Safari moja ilitosha.

Nilisoma, Akidi akabeba, Aloyo akashika vitu vidogo. Arobaini na kimoja. Hakuna kilichopungua, isipokuwa zile picha. Nilipomaliza nikamwuliza, tukiwa wawili barazani, kwa nini alisema vile mbele ya wazee.

Alikuwa anafungua uzi mwekundu kwenye birika lake. Alizifungua nyuzi zote, mmoja mmoja, hakutaka kwenda nazo.

"Nimechoka kuhesabiwa, Mama Aloyo," akasema. Hakuwa na hasira. "Kama ningebaki, ungenihesabu mpaka nakufa. Na bwana yako pia. Na huyu mutoto."

Nikamwambia nisamehe kwa picha. Akasema zimebaki nyingine. Akamkumbatia Aloyo, akampa Ogwal mkono, akamwita shemeji, akapanda mbele na Rajab.

Niliwaangalia wakishuka mlima mpaka wakapinda. Moyo wangu ulikuwa mwepesi. Nasema kweli. Nilipika, niliimba hata.

Jumatatu, 26 Mei

Asubuhi, kabla ya kazi. Jua. Aloyo amekwenda shule. Ogwal alikuwa na kikombe mkononi, hajanywa.

"Ile saini ni yangu," akasema.

"Najua."

"Ulifikiri nitakubali? Kuwa bwana yake?"

"Sikujua."

"Hukuuliza. Umeuliza kila mutu. Umeenda mpaka Kisenyi, Rajab aliniambia. Mimi hukuniuliza."

Nikakaa. Nikamwambia namwuliza sasa.

Alifikiri. Ogwal si mtu wa kupamba maneno, akiulizwa njia husema njia. "Siku ile nilisaini, ningekataa," akasema. "Siku ya picha, ningekataa. Juzi asubuhi wazee wakiingia, nilikuwa na neno langu tayari: hapana, mimi niko na bibi yangu. Nilikuwa nangoja tu waniulize." Akaweka kikombe chini. "Lakini vile amekufunika mbele yao. Wewe ambaye uliacha vitu yake kwa mvua, na mimi nilijua ni wewe, nilijua ile siku ileile. Akakufunika. Hapo ndio nilimwona."

Akavaa kofia, akaniaga kama kila siku, akaenda kazini.

Amerudi jioni kwa wakati wake. Amekula chakula changu chote, akasogeza sahani, nikamwongezea. Nimemwuliza kama alipitia Kisenyi, akasema hapana. Ninamwamini, na haijanisaidia kitu.